Mzee anayengojwa: kuwasaidia wazazi waliobaki Misiera wasiishi katika upweke

Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili zilizohamia Australia, Kanada, Marekani na Ulaya zimeacha mzee nyuma. Baadhi zimemwacha Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, katika vijiji kama Misiera. Pengine faili lake lilikuwa tofauti na la watoto wake, pengine afya yake haikuruhusu safari, pengine mwenyewe alikataa kuhama tena. Fedha hutumwa kila mwezi na simu hupigwa kila Jumapili. Hata hivyo, anapoulizwa habari, mzee hujibu maneno yale yale: "Niko tu."

Makala haya yanaeleza jinsi upweke unavyomwingia mzee anayeishi makazini, kwa nini fedha peke yake haziuondoi, na mambo ambayo jirani wa Misiera au mtoto aliye ng'ambo anaweza kuyafanya.

Makazi yaliyojaa vijana

Nakivale ilianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi kuwa makazi ya wakimbizi mwaka 1960, wakati wa wimbi la Wanyarwanda waliokuwa wakikimbia machafuko ya nchi yao. Ni miongoni mwa makazi ya kale zaidi ya wakimbizi barani Afrika. Yako katika wilaya ya Isingiro, karibu na ziwa lenye jina hilo hilo, na eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 185. Mji mkubwa ulio karibu ni Mbarara, uliopewa hadhi ya jiji Julai 2020. Wakazi wa Nakivale leo wanazidi 150,000: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na wengineo. Katika mchanganyiko huo, Kiswahili ndicho lugha ambayo jirani hutumia anapomwomba jirani moto.

Uganda haiwafungii wakimbizi ndani ya uzio. Huwapa kipande cha ardhi cha kujenga na kulima, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawapa haki ya kufanya kazi na ya kutembea. Utaratibu huu umesifiwa duniani, na unastahili sifa. Lakini umejengwa juu ya dhana kwamba anayepewa ardhi anaweza kushika jembe. Mjane wa miaka 75 aliyepewa shamba halafu watoto wake wakaondoka, ana ardhi anayoitazama tu.

Kuna jambo la pili. Zaidi ya nusu ya wakimbizi walioko Uganda ni watoto wasiofikia umri wa miaka 18. Shule, vilabu vya vijana, mafunzo ya ufundi na huduma za mama na mtoto ndizo zinazopewa kipaumbele, wala hakuna wa kulaumu hilo. Wazee ni wachache, hawapigi kelele, na mara nyingi huonekana tu siku wanapougua.

Kupungua kwa msaada wa chakula kumezidisha hali hiyo. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kukata mgao nchini Uganda mwaka 2020, na mwaka 2025 watu wapatao milioni moja waliondolewa kabisa katika orodha ya wapokeaji. Njaa ina athari ambayo haiandikwi katika takwimu za lishe. Mzee aliyelelewa kuamini kwamba mgeni haondoki bila kuonja kitu, akikosa cha kumwandalia mgeni, huanza kuogopa wageni. Naye huacha kuwatembelea wengine, asije akaonekana amefuata sahani. Hivyo ndivyo mlango unavyofungwa, bila ugomvi wowote na majirani.

Upweke na kutengwa ni mambo mawili

Wataalamu hutenganisha hali mbili. Kutengwa ni kukosa watu: mzee hana anayemtembelea wala anakokwenda. Upweke ni maumivu ya kukosa uhusiano ambao moyo unautaka, na unaweza kumshika mtu aliyezungukwa na wajukuu wanane. Bibi anayelala chumba kimoja na wajukuu wanaozungumza Kiingereza na Kinyankole cha shuleni, asielewe wanachochekea, hajatengwa. Ni mpweke.

Mwezi Juni 2025, tume ya Shirika la Afya Duniani kuhusu mahusiano ya kijamii ilitoa ripoti iliyosema kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani anaathiriwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo takriban 871,000 kila mwaka. Ripoti hiyo inautaja pamoja na hatari za kiharusi, ugonjwa wa moyo, kisukari, sonona na kudhoofika kwa akili. Kwa hiyo anayeshughulikia upweke wa mzazi wake anashughulikia afya yake, sawasawa na anayemnunulia dawa ya shinikizo la damu.

Kwa mkimbizi mzee kuna hasara nyingine inayozidi ya watu, nayo ni hasara ya nafasi. Nchini Burundi, bashingantahe walikuwa wazee waliokalishwa katikati ya ugomvi wa ardhi na ndoa ili wautatue. Mashariki mwa Kongo, mzee wa ukoo aliulizwa kabla ya mahari kupelekwa. Makazini, ugomvi hupelekwa kwa mwenyekiti wa baraza la wakimbizi, kwa polisi au kwa Ofisi ya Waziri Mkuu inayosimamia makazi. Ushauri wa mzee hauhitajiki tena ili siku iishe. Neno "niko tu" lina maana hiyo: nipo, lakini hakuna jambo linalosimama kwa kunisubiri.

Mahali anapongojwa

Misaada mingi kwa wazee huwa ya kuwatembelea. Ni mizuri, lakini mgeni huja akaenda zake, na mzee hubaki yule yule wa kupokea. Kinachobadilisha siku zake ni kuwa na mahali anapongojwa, yaani mahali ambapo asipofika, watu watauliza kabla jua halijazama. Jamaa anayetaka kusaidia kwa kweli na aanze na swali moja: ni siku gani ya juma, na ni wapi, ambapo kukosekana kwa mzee huyu kutaonekana?

Jibu la kwanza huwa kanisa au msikiti. Jibu la pili, lisilofikiriwa sana, ni kikundi cha kuweka na kukopa. Mfumo wa vikundi hivi ulianzia Niger mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE, na leo umeenea Afrika Mashariki nzima. Wakongo waliokulia katika likelemba huuzoea haraka, ingawa hapa fedha hukopeshwa badala ya kupokewa kwa zamu. Wanachama wapatao 15 hadi 25 hukutana kila juma, hununua hisa ndogo ndogo, hukopeshana, na baada ya mwaka mmoja hivi hugawana kilichopatikana. Pembeni huwa na mfuko mdogo wa kusaidiana katika ugonjwa na msiba.

Vijana wengi hudhani mzee hana nafasi humo kwa kuwa hana kipato. Lakini sanduku la kikundi huwa na kufuli tatu, na funguo zake hushikwa na wanachama watatu tofauti, ili lisifunguliwe ila wote watatu wakiwapo. Mzee mwaminifu anayenunua hisa moja tu kwa juma anafaa kabisa kushika ufunguo. Siku ya mkutano hawezi kusahauliwa nyumbani, kwa sababu bila yeye hakuna anayekopa. Mtoto aliye mbali anaweza kutuma fedha ya hisa hizo. Kiasi chake ni kidogo kuliko kile ambacho kingetumwa baadaye kwa ajili ya dharura.

Kusini-magharibi mwa Uganda kuna desturi nyingine ambayo familia za wakimbizi zingefanya vyema kuifahamu. Wenyeji wa Ankole na Kigezi wamekuwa na vikundi vya engozi, vilivyopewa jina la machela ya kusuka iliyotumika kumbeba mgonjwa mabegani kuvuka milima hadi hospitali. Wanyarwanda huiita ingobyi, na neno lenyewe linaonyesha undugu. Vikundi hivi, pamoja na vile vinavyoitwa bataka, hubeba wagonjwa, huchangia mazishi na huwapangia wanachama zamu za kazi. Katika makazi, wakimbizi nao hujiunga kwa mafungu ya nchi, kabila au kanisa ili kuzikana.

Jambo hili linagusa hofu ambayo wazee wengi hawaisemi kwenye simu: nani atanizika? Mzee ambaye mchango wake wa kikundi cha kuzikana umelipwa, na ambaye jina lake huitwa kwenye mkutano, hulala usingizi tofauti. Watoto walioko ng'ambo huona haya kulitaja jambo hilo, wakidhani watamwambia mzazi kwamba wanakingojea kifo chake. Kwa kawaida ni mzazi ndiye anayesubiri walitaje.

Kwa wanaume kuna mchezo. Ubao wa safu nne, kila safu mashimo manane, na kete 64, ni mali ya eneo hili lote. Pwani huuita bao, Buganda omweso, Rwanda igisoro, na sheria hutofautiana kidogo kutoka mahali hadi mahali. Hakuna cha kununua. Mashimo huchimbwa ardhini chini ya mti na kokoto huokotwa. Wazee wawili wasioelewana lugha wanaweza kubishana alasiri nzima kuhusu kete moja, na kubishana huko ni dawa. Wanawake mara nyingi hawana nafasi ya kukaa hivyo, na wengi wao ni wajane. Kwao, kazi ya mikono hufaa zaidi: kusuka vikapu na mikeka, kupukuchua maharagwe kwa pamoja, kufundisha wasichana wadogo ushonaji. Kikapu kikiuzwa, vizuri. Kisipouzwa, mazungumzo yamekwisha kufanyika.

Wapo pia wazee wanaoweza kuwa msaada kwa wengine. Zimbabwe inatoa mfano ulio bora kuliko yote Afrika. Mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza na mabibi 14 katika mtaa wa Mbare, Harare, akawafundisha kusikiliza watu wenye mawazo mazito wakiwa wameketi kwenye benchi nje ya kliniki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliozungumza na wahudumu hao walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma za kawaida. Misiera haihitaji kungoja mradi mkubwa ili kujifunza kutokana na hilo. Mama kijana aliyefika jana kutoka Kivu na bibi aliyefika miaka 15 iliyopita wanaweza kukaa kwenye mkeka mmoja.

Macho, masikio na miguu

Mara nyingine mzee huacha kutoka kwa sababu ndogo zinazotibika. Haoni mawe njiani. Hasikii, na amechoka kusema "unasema nini?" hadi watu wakacheka. Goti linauma. Au anakojoa mara kwa mara na hajui choo kiko wapi huko aendako. Watu wa nyumbani huliita jambo hilo uzee, na mzee hukubali.

Jopo la wanasayansi la jarida la Lancet lilitaja mwaka 2024 mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kusahau na ambayo yanaweza kurekebishwa. Kupungua kwa usikivu, kutoona vizuri bila matibabu, na kutengwa na jamii yote yamo. Yanafuatana kama watu walioshikana mikono: asiyesikia hakai barazani, na asiyekaa barazani akili yake hukosa kazi.

Hatua ya kwanza ni kituo cha afya cha makazini, ambako wakimbizi na wenyeji hutibiwa pamoja. Uganda ilifuta ada katika vituo vya serikali mwaka 2001, ingawa dawa zikiisha, familia hulazimika kununua. Masikio huanza kuangaliwa kama yana nta iliyoziba, tatizo linaloondolewa kwa dakika chache. Mtoto wa jicho hauondoki kwa matone ya dawa yanayouzwa sokoni. Unahitaji upasuaji mfupi, na mzee aliyekuwa akishikwa mkono huweza kurudi akitembea mwenyewe. Mbarara ina Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na pia Hospitali ya Misheni ya Ruharo, ambayo kituo chake cha macho kinajulikana magharibi yote ya Uganda.

Safari ya Mbarara ndiyo kikwazo. Sehemu ya njia ni ya vumbi, na mzee hawezi kwenda peke yake. Anayetuma fedha ya matibabu na akumbuke kumwekea msindikizaji nauli na chakula, pamoja na fedha ya kulala iwapo daktari atasema warudi kesho. Wapo wazee wanaorudi Misiera bila kutibiwa kwa sababu bajeti ya familia ilihesabu mtu mmoja na siku moja.

Huzuni nayo isichanganywe na uzee. Mzee asiyekula, asiyelala, aliyeacha kusali au kuoga, au anayerudia kusema kwamba ni heri afe, na hali hiyo ikadumu kwa majuma mawili au zaidi, anahitaji mhudumu wa afya. Wengi wameona vita zaidi ya mara moja. Kumwambia avumilie hakumsaidii.

Simu kutoka mbali

Simu ya Jumapili ina thamani kubwa, lakini mara nyingi huwa na maswali matatu: umeamkaje, umekula, fedha imefika? Baada ya hapo kuna ukimya, na mtandao hukatika kana kwamba umewaonea huruma.

Simu hubadilika mpigaji anapoomba kitu. Jina la babu mzaa babu. Namna ya kupika sombe bila mafuta mengi. Wimbo wa kubembelezea mtoto, uimbwe ili mjukuu aliyezaliwa Brisbane au Winnipeg ausikie. Uamuzi: mtoto wetu aitwe nani, na mahari ya dada yao ijibiweje? Mzee anayeulizwa maswali ya namna hii hujiandaa siku nzima, na pengine huenda kwa jirani kuuliza jina alilolisahau. Wajukuu wa ng'ambo wanaopoteza Kibembe, Kifuliiru, Kinyamulenge au Kirundi hawana mwalimu mwingine aliye bora. Ni vyema mazungumzo yarekodiwe, kwa ruhusa yake.

Saa nayo ina maana. Saa mbili usiku Brisbane ni saa saba mchana Uganda, wakati ambapo mzee amerudi kivulini. Saa tatu asubuhi Toronto ni saa kumi jioni Nakivale majira ya kiangazi, na saa kumi na moja majira ya baridi. Siku na saa zikiwa hazibadiliki, mzee huhakikisha simu imechajiwa, maana wengi huchaji kwa kulipia penye umeme wa jua. Simu ndogo ya vitufe hukaa na chaji kwa siku kadhaa na humwachia uhuru wake. Simu janja ya mjukuu huleta picha, lakini mwenye simu ndiye huamua mzee atazungumza lini na kwa muda gani.

Ni busara pia kumpigia jirani. Jirani ndiye ataona kama moshi haukutoka jikoni asubuhi. Mpigie hata siku ambayo huna ombi, na umshukuru kabla hujamtuma.

Kuhusu fedha, Uganda hutoza kodi ya asilimia 0.5 kwa kila kiasi kinachotolewa katika akaunti ya simu, juu ya ada ya kampuni, na ni vyema mtumaji aijumlishe. Kiasi kidogo kinachofika kwa tarehe ileile humpa mzee utulivu kuliko kiasi kikubwa kinachokuja kwa kushtukiza na kuwaita wakopaji. Posho ya serikali kwa wazee, shilingi 25,000 kwa mwezi, hulipwa raia wa Uganda waliofikia umri uliowekwa, wala mkimbizi haimhusu. Wazee wenye watoto ng'ambo huandamwa pia na walaghai wanaoahidi kuharakisha safari kwa malipo. Huduma zote za shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, ni bure, na anayedai fedha aripotiwe. Hatari hiyo imeongezeka tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha mpango wake wa kuwapokea wakimbizi na kuacha wengi, wazee wakiwemo, katika kungoja kusiko na tarehe.

Wageni wa mwaka huu na wa jana

Baada ya mji wa Goma kutekwa Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, wazee wengine wamevuka mpaka kuingia Uganda. Mzee anayefika bila familia anapaswa kusema hivyo wakati wa kuandikishwa, ili aingizwe katika orodha ya watu wenye mahitaji maalumu. Mambo kama kusaidiwa kujengewa nyumba hutegemea orodha hiyo, na asiyejieleza huandikwa kama watu wengine. Anaweza pia kuomba mtu anayemwamini aandikishwe kupokea mgao kwa niaba yake, asisimame juani. Mwenyekiti wa baraza la wakimbizi wa kijiji ndiye wa kwanza kujulishwa, na jirani yeyote anaweza kwenda naye. Majuma ya mwanzo ndiyo mzee hujifunza njia ya kwenda kisimani, kanisani na kwenye mti wa bao, na huzijifunza upesi zaidi akiwa na mtu wa kumwonyesha.